Ketrina na Maharage ya Mpakani

Kwa miaka thelathini pale kijijini Ruanda, mtu akiishiwa mbegu ya maharage hakusema anakwenda dukani. Alisema anakwenda kwa Ketrina. Mama huyo alichambua punje moja moja, akabakiza kubwa zisizo na doa, akazihifadhi kwenye majivu, na msimu ukifika wanawake walijaa mlangoni kwake na mabakuli yao. Hakumtoza mtu. Alichokitaka ni ile "asante Mama Rabson", nayo hakuwahi kuishiba.

Ndipo ulipokuja mpango wa serikali wa kuongeza mavuno ya mikunde, na kijiji kikatakiwa kumchagua mkulima mmoja wa kuzalisha mbegu bora. Ketrina alikwenda mkutanoni na kitenge kipya. Mikono ikainuliwa kwa Jenista, jirani yake, binti wa juzi tu, ambaye kuchambua mbegu alijifunzia jikoni kwa Ketrina mwenyewe.

Roho ya kwa nini ikamkaba. Kwa nini yeye? Eti anajua kujaza fomu! Maharage yanasoma fomu? Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

Bwana shamba, Gwamaka, alikuwa amewaeleza wote kwamba shamba la mbegu likae hatua tano mbali na maharage mengine, yasije yakachanganyika; likisogelewa, linakataliwa. Ketrina aliyasikia hayo vizuri sana. Wiki hiyohiyo alipanda mistari minne ya maharage yake ya zamani kati ya mibuni yake na shamba la Jenista, mpakani kabisa.

Maharage yalipotoa maua, Gwamaka akaja kukagua. Ketrina alijibanza kwenye mibuni, anasubiri kwa hamu.

"Shamba lako zuri," Gwamaka alimwambia Jenista, "lakini haya ya mpakani ni ya nani? Yamekaribia mno. Siwezi kulipitisha hivi."

"Ni ya Mama Rabson, ndiye aliyenifundisha mbegu," Jenista alijibu. "Usimsumbue. Nitang'oa ya kwangu mpaka hatua tano zitimie."

Afadhali angemtukana! Ketrina alimwona akiinama na kuanza kung'oa maharage yenye maua, huku Gwamaka akitikisa kichwa.

"Una moyo wewe, dada. Jambo hili nitalisema mkutanoni, kila mtu alisikie."

Hapo uvumilivu ukamwisha Ketrina. Mbegu wamempa, kura za mkutano mzima wamempa, sasa na sifa ya moyo mwema apewe yeye tena?

Akatoka mibunini mbio. "Acha! Acha hapohapo, nimesema!"

Jenista akasimama, mche mkononi. Ketrina akapiga magoti kwenye mistari yake, akaing'oa yote minne kwa mikono miwili, na kila mara akiinua macho kumtazama bwana shamba, kuhakikisha kwamba anaona.