Kichaka Anachokisahau Nobue Kila Mwaka

Saa kumi na mbili asubuhi. Theluji ya mwisho bado imejibanza kwenye kivuli cha ghala, na Furudate Nobue tayari amepiga magoti katikati ya shamba, mkasi wa kupogolea mkononi, anakata vijiti bila huruma.

Kacha. Anasogea. Kacha, kacha. Anasogea tena.

"Andika hivi," anamwambia mwandishi wa gazeti aliyemtembelea, bila kuinua kichwa. "Miche mia nane. Miaka thelathini na nane. Na katika shamba la Furudate halijawahi kuchanua ua hata moja. Hata moja! Ukiliona ua hapa, shamba nakupa."

Mkulima wa haidrenjia, vichaka ambavyo kwingine hupandwa kwa ajili ya maua, anayejisifu kwamba haidrenjia zake hazichanui ni kama mwalimu wa kwaya anayejisifu kwamba wanafunzi wake hawajawahi kufungua mdomo. Lakini hapa Kamihata, kaskazini mwa mkoa wa Iwate, hakuna anayecheka. Haidrenjia za hapa ni za chai tamu, ile inayomwagiwa sanamu ya Buddha mchanga hekaluni siku ya kuzaliwa kwake. Kinachotakiwa ni jani. Ua likichanua hunyonya nguvu, na jani hubaki na ladha ya karatasi.

Kwa hiyo kila mwaka, theluji ikianza kuondoka na macho ya mimea kabla hayajafumbuka, kila shina hukatwa likabaki na urefu wa kiganja. Matumba ya maua, yaliyolala nchani tangu vuli, huenda na mkasi.

Majigambo ya Nobue yanaishi kama dakika tisa hivi. Kisha mumewe, Yukinori, anatokea akisukuma toroli.

"Nimesikia vizuri? Unagawa shamba?"

"Nimesema akiliona ua."

"Na kile cha nyuma ya ghala ni nini, Mama Tsugumi? Kabichi?"

Mkasi unasimama. Masikio ya Nobue yanakuwa mekundu, na baridi ya asubuhi hii haina uwezo huo.

"Kile hakiko shambani," anajibu. "Kile kiko nyuma ya ghala."

"Kijana, andika na hilo," Yukinori anasema, akipakia vijiti kwenye toroli. "Shamba letu lina mipaka ya ajabu."

Nobue ana miaka sitini na miwili. Alizaliwa pwani, kwenye mji wa bandari ambako baba yake alikuwa akikausha ngisi, na alipoolewa huku milimani akiwa na miaka ishirini na minne hakujua hata jani la chai tamu likoje. Alilichuma moja, akalitafuna, akalitema.

"Niliwaambia, mmenidanganya, hili ni chungu! Walicheka mpaka jioni. Jani bichi halina utamu. Mpaka ulichume, ulifikiche, ulilaze likae na joto lake, ndipo ulikaushe. Hapo ndipo linakuwa tamu kuliko sukari."

Aliyemfundisha kazi ni mama mkwe wake, Furudate Kiwa, ambaye sasa ana miaka tisini na miwili. Mafunzo yenyewe hayakuwa na maneno mengi.

"Nikikata shina nikaliacha refu mno, Mama hasemi kitu. Anakuja, anakaa chini kando ya ule mche. Anakaa tu. Mimi niko mistari mitatu mbele, nageuka, namwona amekaa. Basi narudi, nalikata vizuri, ndipo anainuka. Mwaka wa kwanza alikaa chini mara nyingi kuliko nilivyokula wali."

Mwaka huo huo wa kwanza, Nobue alikiruka kichaka kimoja. Kilikuwa nyuma ya ghala la kukaushia, kimefunikwa na lundo la kuni, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha. Mwezi wa Julai kikachanua.

Maua yake si yale mabonge makubwa ya kwenye kadi za sikukuu. Ni kisahani cha nukta za buluu, na vipetali vichache vimekizunguka pembeni. Vinaanza na buluu, vinaishia na wekundu wa mashavu ya mtu aliyeonja pombe kidogo akakana.

Bi Kiwa alikiona alfajiri, akiwa na ndoo mkononi. Alisimama pale muda mrefu. Nobue alikuwa dirishani jikoni, anamchungulia.

"Nilijua narudishwa kwetu," anasema. "Nilishaanza kufikiria nguo zipi nifungashe kwanza. Mama akaingia, akaweka ndoo chini, akasema, 'Kuna kichaka umekisahau.' Nikasema, samahani Mama, nakwenda kukikata sasa hivi. Akasema, 'Sasa hivi ina faida gani? Kimeshachanua.' Akanawa mikono. Yakaisha."

Mwaka uliofuata, siku ya mwisho ya kupogoa, Bi Kiwa alimuuliza, "Umemaliza vyote?"

"Vyote, Mama."

"Hujasahau chochote?"

Nobue anaacha kukata anaposimulia hapa. "Nilimtazama usoni. Sasa, uso wa mama mkwe wangu ni kama mlango wa lile ghala, haufunguki kwa kusukumwa. Nikabahatisha. Nikasema, labda nimesahau kimoja. Akaniambia, 'Haya. Umri huo, mtu husahau.' Nilikuwa na miaka ishirini na mitano!"

Tangu hapo ndivyo inavyokwenda katika nyumba hii. Hakuna anayesema kichaka kinaachwa. Kinasahauliwa. Kila mwaka anaulizwa, kila mwaka amesahau, na kila Julai Bi Kiwa anapita nyuma ya ghala na ndoo ambayo wakati mwingine haina hata maji.

Mwaka huu mambo yamekuwa mengine.

Mwezi wa Februari theluji ya siku nne iliporomoka kwa mpigo kutoka kwenye bati la ghala, ikaangukia kichaka. Kati ya mashina yake kumi na mawili, tisa yalivunjika. Wiki hiyo hiyo moyo wa Bi Kiwa ulimletea matata, akalazwa mjini siku kumi na moja. Alirudi amepungua, mwepesi, sauti tu ndiyo iliyobaki na uzito wake wa zamani. Daktari alimwambia Yukinori kwenye korido kwamba wasubiri waone kiangazi kitakavyokuwa.

"Kufika nyumbani, aliulizia kichaka kabla hajamuulizia paka," Yukinori anasema. "Tukamwambia kimevunjika. Halafu akamwambia Nobue, 'Mwaka huu usisahau.'"

Kwa mkulima yeyote wa hapa, Bi Kiwa yuko sahihi. Kichaka kilichochanika kikiachwa na majeraha, uozo hushuka mpaka kwenye kisiki na mizizi ikafa. Kikikatwa chote mpaka chini, kitachipua upya kiangazi hiki, kitafunga matumba vuli, na Julai ya mwakani kitachanua.

"Mwakani," Nobue anasema, na mkasi wake unaanza tena kukata, kwa kasi zaidi. "Mwakani ni mbali."

Saa nne wanapumzika juu ya magunia, na mapande ya wali yaliyofungwa kwa mwani. Yukinori, ambaye majira ya baridi huendesha gari la kusukuma theluji barabarani, anasema mwaka jana shamba lilitoa kilo tisini za majani makavu, na fedha yake ilifika yen laki tano na nusu. "Ukitoa mafuta ya kukaushia na mbolea, inabaki ya kumnunulia mke wangu mabuti mapya. Lakini hataki mabuti mapya. Anasema haya yameshamjua."

"Yameshanijua kweli," Nobue anasema, mdomo umejaa wali. "Wewe bado."

Saa tano na nusu mche wa mia nane unakatwa. Kazi ya siku kumi na moja imekwisha, isipokuwa kichaka kimoja. Nobue anachukua msumeno mdogo na ndoo, anazunguka nyuma ya ghala. Mwandishi anamfuata. Yukinori anabaki nyuma kidogo, anajifanya anaangalia gurudumu la toroli.

Kichaka kimelala kama mwavuli uliokaliwa. Nobue anapiga magoti. Anakwangua gamba la kila shina kwa ukucha wa kidole gumba: chini yake kukiwa kahawia, shina limekufa, kukiwa kijani, lina uhai. Kahawia. Kahawia. Kahawia. Anakata. Mashina tisa yaliyovunjika yanaingia kwenye ndoo, kisha mawili yaliyokauka.

Linabaki moja, nene kama kidole gumba. Limechanika ubavuni kuanzia karibu na chini, lakini ukucha unatoa kijani. Nchani kuna matumba mawili, yamenenepa, yamefunga.

Nobue, ambaye tangu alfajiri amekata maelfu ya matumba bila kupepesa, anaweka msumeno kwenye shina hili. Anauondoa. Anauweka tena.

"Mama kasema kata," Yukinori anasema nyuma yake. Amekuja bila kusikika.

"Nimemsikia."

"Basi?"

"Basi nishikie hapa."

Yukinori anachuchumaa, anashika shina kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza leo hana utani. Nobue anapasua kipande cha mwanzi, anakilaza juu ya ufa, anavua kitambaa chake cha buluu cha kichwani, anakizungusha mara nne na kukifunga. Nywele zake, ambazo nusu ni nyeupe, zinamwangukia machoni.

"Upepo ukilivunja hili," Yukinori anasema, "litachanika mpaka kwenye kisiki. Tutakosa kichaka kizima."

"Najua."

"Halafu Mama atatuua sote wawili."

"Basi na aishi atuue," Nobue anasema.

Yukinori anaangalia pembeni, upande wa mlima, kwa muda unaozidi ule ambao mlima unastahili.

Nobue anafuta mikono kwenye suruali, kisha anamgeukia mwandishi. "Sikiliza, mwanangu. Akijua nimeliacha shina hili, atajua ninahesabu miezi yake. Sitaki ajue kwamba kuna mtu anahesabu. Kwa hiyo akikuuliza, kimekatwa chote. Mimi nikimdanganya ananijua kwa pumzi. Wewe mgeni, atakuamini."

Na Julai je, mwandishi anauliza.

"Julai nitamwambia, Mama, njoo unitazamie kama kuni zimekauka. Atakuja. Hawezi kuniachia mimi nitazame kuni peke yangu, miaka yote hii hajaniamini." Anacheka, kisha anaacha. "Ua moja tu. Sihitaji bustani. Asimame pale na ndoo yake, anune, aniambie nimekosea. Mimi nitakuwa nimeshiba."

Chakula cha mchana ni supu ya kuku yenye vipande vya unga wa ngano vilivyonyofolewa kwa mkono. Bi Kiwa ameketi kwenye meza yenye moto chini yake, blanketi limemfika kifuani, paka amelala kwenye mapaja yake. Yukinori na Nobue bado wako nje, wanaosha vifaa. Mwandishi anapewa bakuli na anatazamwa akila.

"Wamemaliza?" Bi Kiwa anauliza.

"Wamemaliza, Bibi."

"Na kile cha nyuma ya ghala?"

"Kimekatwa, Bibi. Mpaka chini."

"Chote?"

"Chote. Halikubaki hata shina moja. Nimeshuhudia kwa macho yangu."

Bi Kiwa anaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeridhika. Anakunywa supu. Anafuta mdomo.

"Hizi dawa za moyo," anasema, "zinanipeleka chooni mara tisa kwa siku. Dirisha la choo chetu, unajua linatazama wapi?"

Mwandishi anasema hajui.

"Linatazama nyuma ya ghala. Miaka sitini na sita linatazama huko huko." Anaweka bakuli chini. "Sasa kile kitambaa cha buluu kilichofungwa shinani ni chako?"

Mwandishi anagundua kwamba kuna kipande cha karoti kwenye bakuli lake kinachohitaji kuchunguzwa kwa makini sana.

Nje kunasikika Nobue akigonga mabuti kwenye ngazi ili tope lidondoke. Bi Kiwa anainama mbele, sauti ameishusha.

"Fundo limelegea. Na mwanzi kauweka upande wa ghala, wakati upepo wa mchana unatoka bondeni. Toka kwa mlango wa nyuma, uuhamishe, ukaze mara mbili, taratibu, usiguse matumba. Na ukimwambia kwamba mimi nimeona, nampigia simu mhariri wako, namwambia ameajiri mwongo."