Sahani Yenye Tundu

Nilipokubaliwa kwenda Urundi kuhudumia wagonjwa wa ukoma kwa miaka mitatu, bila mshahara, watu wa kwetu karibu na Lusangi waligawanyika. Wengine walidhani nimerogwa, wengine walidhani nimedanganywa na masista wa Kasongo walionifundisha uuguzi. Mimi nilidhani wote wanasema sana. Nilikuwa na kichwa kigumu tangu utotoni, na uzee haujakilainisha.

Wiki nzima nilijiandaa. Nilishona magauni mawili meupe, nikayapiga pasi ya makaa, nikapanga bandeji, mkasi na sabuni kwenye sanduku la bati. Mama alinikaangia karanga na kunitwangia pilipili, utadhani Urundi watu hawali. Kamio, lori la kwenda Kongolo, lilikuwa likipita kila Alhamisi. Kutoka huko ningepanda gari-moshi hadi ziwani, kisha meli. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mkono wa baba mkubwa.

Ndiyo, mkono wake. Kwetu, anayekwenda mbali hula chakula kimoja na ukoo wake wote kabla ya kuondoka. Kila mmoja huchukua tonge mbele yake, na asiyenyoosha mkono amekataa safari. Baba yangu alikuwa amefariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la kaka yake. Akikataa, nabaki. Niliogopa, sitasema uongo.

Jumatano mchana tulikaa uani kwenye mikeka, katikati sinia lenye bugali, sombe ya majani ya muhogo iliyojaa mawese, na kuku. Nikachukua tonge la kwanza, nikasema ninakokwenda. Mama akachukua. Wadogo zangu wakachukua. Baba mkubwa akakunja mikono.

"Mimi sikatae kazi ya dawa," alisema. "Lakini utakula na watu wa bukoma, halafu utatuletea bukoma hapa. Mukono yangu haitaingia mule."

Nilitaka kulia, lakini hasira iliwahi. Niligeuza uso nisimtazame, na ndipo nilipomwona shangazi mlangoni pa jikoni.

Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu na baba mkubwa. Ukoma ulikuwa umekula vidole vitatu vya mkono wake wa kulia kabla hajapata vidonge vya masista. Alikuwa amepona, daktari mwenyewe alisema hivyo. Hata hivyo, miaka yote hiyo alikula peke yake pale mlangoni, kwenye sahani ya bati iliyotobolewa tundu ukingoni isije ikachanganywa na nyingine. Siku hiyo pia mama alikuwa amempakulia humo, kwa mazoea tu. Tulikuwa tumeita ukoo mzima tukamsahau mzaliwa wa kwanza. Nami, muuguzi niliyejaa maneno kuhusu wagonjwa wa Urundi, nilikuwa nimemruka kama wengine. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

"Baba mukubwa," nilisema, "hatuyamaliza. Iko mutu moja bado."

Nikabeba sinia hadi jikoni, nikaketi chini mbele ya shangazi. Akatikisa kichwa.

"Acha, mwanangu. Watakuchukia."

"Chukua, shangazi."

Akamega kidogo, akachovya, akala. Nikamega palepale alipomega yeye. Mama akanyanyuka, akaja kuketi ubavuni mwangu.

Wengine walibaki kule na mikeka mitupu. Shangazi akamtazama mdogo wake. Akafinyanga tonge kwa vidole viwili alivyobakiwa navyo, akalichovya kwenye sombe, akanyoosha mkono.

"Wakati mama yetu alikuwa mugonjwa, wewe ulikuwa bado kuota meno," alimwambia. "Ni hii mukono ilikulisha. Leo unaiogopa?"

Baba mkubwa akakunjua mikono. Kisha akasimama, akavuka ua, akapiga magoti mbele yake.

"Yaya," alisema, jina ambalo kwetu tunamwita dada mkubwa, na ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka. Akafungua mdomo, akalishwa.

Wote walihamia jikoni. Tulikula mpaka kuku akabaki mifupa, na baba mkubwa akachukua tonge lake mbele yangu, kubwa kuliko la mtu yeyote. Nilikuwa nimeshinda, na sikuona sababu ya kujifanya mpole.

Asubuhi yake, kamio likinguruma barabarani, baba mkubwa alinibebea sanduku kichwani. Shangazi alitufuata mbio na sahani yake ya bati.

"Enda na hii," alisema. "Hapa haina tena kazi."

Nikafungua sanduku, nikailaza juu ya magauni meupe.