Kufuli la Bethwel

Kufuli la mlango wa jiko la Winrose lilinunuliwa na mumewe mwenyewe. Watu wa Mau Narok hawakutaka kulijua jambo hilo, maana lingewaharibia hadithi nzuri. Hadithi nzuri ilikuwa kwamba Winrose anamnyima mgonjwa chakula.

Zamani Bethwel alikuwa dereva wa mashine ya kuvuna ngano, mwembamba kama antena ya redio yake. Msimu wa mavuno alisahau kula. Winrose alimpelekea ugali shambani, akasimama ukingoni akipunga mkono, na Bethwel akampita na kumpita tena kabla ya kuzima injini, kana kwamba tumbo ni la mtu mwingine. Kisha kichwa kikaanza kumuuma, macho yakaacha kuona pembeni, akagonga nguzo ya lango iliyokuwa pale tangu enzi za mzungu. Nakuru wakampiga picha ya ubongo, wakakuta uvimbe chini kabisa, wakautoa. Aliamka anaona vizuri. Aliamka pia na njaa, na njaa hiyo haikuondoka tena.

Daktari aliwaeleza polepole, kwa upole uliomtia Winrose hofu. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo kama njugu, na kazi yake ni kusikiliza. Tumbo likiwa tupu hutuma homoni ya kulalamika. Mafuta ya mwili nayo hutuma yao, leptini, kusema akiba ipo, tulieni. Uvimbe ulikuwa umeikalia sehemu hiyo, na ulipoondoka uliondoka na masikio. Sasa mafuta yangepiga kelele mpaka yachoke. Ubongo ungeamini mwili unakufa njaa. Ungedai chakula, na wakati huohuo ungebana matumizi: usingizi mwingi, mwendo wa kujivuta, baridi hata juani. Dawa ya kurudisha masikio hayo hakuwa nayo. Uzito ukizidi, alisema, moyo hautahimili.

Winrose alielewa nusu. Bethwel alielewa yote.

"Geji imekufa," alimwambia wakiwa njiani kurudi. "Tanki imejaa, mshale unasoma tupu. Na injini inajikokota ati inaokoa dizeli."

"Na dereva?"

"Dereva anaamini geji, mke wangu. Ataamini nini kingine?"

Wiki hiyo akanunua kufuli. "Nikikuomba, usinipe. Nikikutukana, usinipe kabisa." Alimkabidhi ufunguo kwa uso wa mtu anayemwachia mwenzake mashine aliyoizoea.

Basi akamwomba. Akamtukana. Winrose akawa anakula amejifungia jikoni, amesimama, anatafuna taratibu kijiko kisisikike. Kadiri mume alivyonenepa, ndivyo mke alivyokonda. Mtu aliyemwona mwanaume mnene na mwanamke mkondefu angeweza kuuliza ni nani hasa anayenyimwa chakula katika boma hilo, lakini hakuna aliyeuliza.

Mama mkwe, Chepkosgei, alikaa ng'ambo ya ua wa saipresi. Mwanawe akilia njaa, alimsikia. Viazi vya kuchemsha vikawa vinapita katikati ya matawi, na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, nyuma yake.

"Mama, tafadhali, usimpe."

"Huyu nimemzaa mimi. Wewe ulimkuta amemaliza kukua."

"Ni geji yake, Mama. Daktari alisema—"

"Mtoto wangu si trekta."

 

Kanisa likapanga ibada ya shukrani. Winrose alipendekeza maombi peke yake. Pasta Micah akamtazama kwa huruma, akasema shukrani bila chakula ni mkutano wa kamati. Na ushuhuda wenyewe si ulikuwa mashavu ya Bethwel?

"Alitoka hapa fito," pasta alinguruma, "mwoneni sasa! Amerudi mwanaume!"

"Amina!"

Bethwel alisimama akihema. "Mnanipenda, najua. Lakini mimi sishibi. Nimesahau hata kushiba kulikuwaje. Mkinipa nitakula, mkiongeza nitakula, mpaka siku mtanizika. Naomba msinipe."

 Akina mama wakatoa vitambaa, wakafuta machozi. Kisha amina ikapanda mpaka kwenye mabati, sufuria zikafunuliwa, na kwa kuwa alikuwa amesema vizuri sana, wakampakulia wa kwanza.

Alishika ile sahani: pilau, nyama, chapati juu. Alimtafuta Winrose kwa macho juu ya vichwa vya watu. Kisha akaanza kula, haraka, kwa mkono mzima.

Winrose akaenda akaishika sahani. Bethwel hakuiachia. Wakavutana mbele ya waumini, mchuzi ukamwagikia viatu vya pasta.

"Mwizi wewe! Unataka nife njaa!"

Chepkosgei alikuwa karibu kuliko wote. Alikuwa amekuja kumtetea mwanawe, mkono tayari umeinuka. Lakini kutoka pale aliyaona macho yake. Yalikuwa macho ya mtu anayekufa njaa, na mdomo ulikuwa umejaa pilau. Mkono ukashuka.

Kesho yake Chepkosgei alikuja kupitia lango, si ua wa saipresi. Akavuta kigoda, akakaa kando ya mwanawe nje ya jiko lililofungwa.

"Mama, umeniletea nini?"

"Nimekuja tu."

Bethwel akaitazama mikono ya mama yake. Chepkosgei akaifungua, akaigeuza nyuma na mbele, kama anayekaguliwa. Haikuwa imewahi kumjia mitupu tangu amzae. Sasa aliilaza magotini, na haikujua la kufanya.

"Hata kiazi?"

"Hata kiazi, baba."

Bethwel akaanza kulia kwa sauti ya chini. Mama yake alimtazama, akasogeza kigoda karibu kidogo, halafu hakujua kingine. Hakuwa amewahi kumnyamazisha mtoto bila kitu cha kumtia mdomoni.

Ndani, nyuma ya mlango, Winrose alisimama na kijiko mkononi. Ugali ulikuwa mdomoni. Aliogopa kumeza, wasije wakasikia.