Kiraka cha Marehemu

Ofisini wanamwita Mama Viraka, na hasira zake unazisikia kwenye kibodi kabla hujamwona mwenyewe. Kazi yake ni kufungasha programu zilizoandikwa na watu wa mbali: anazishonea viraka vya kuziba kasoro, ndipo anazijenga ziwe tayari kutumika. Kila kiraka lazima kibebe jina la aliyekishona, la sivyo anasonya: "Hiki kimeshonwa na jini?"

Leo toleo jipya la programu moja limekikataa kiraka cha zamani, alichokishona mwenzao aliyefariki. "Si wenye programu wamesharekebisha wenyewe, dada?" akasema mwenzake wa meza ya pili. "Kifute, yaishe." Mama Viraka akalifungua toleo jipya kuangalia. Marekebisho yalikuwemo kweli, neno kwa neno, hadi ule utani ambao marehemu mwenzao alipenda kuuchomeka katikati ya msimbo. Jina lake tu ndilo halikuwemo. Pameandikwa la mtu mwingine. Akakitazama kile kiti ambacho tangu mazishi hakuna anayekikalia. "Wameiba hadi kicheko chake!" Kiraka akakifuta, maana programu haishonwi mara mbili mahali pamoja. Kisha palipotakiwa sababu ya kukifuta, akayagonga majina yote matatu ya marehemu kama anayeua nge, na baada ya hayo neno moja: "Kimeibwa."