Riwaya Nilizomsomea Shangazi

Nilikuwa kidato cha pili, miaka ya sabini, nilipoanza kumsomea shangazi riwaya. Yeye, dada mdogo wa baba, aliishi nasi Kaloleni, mjini Voi, akishona nguo barazani kwetu. Shule aliiacha darasa la nne, babu alipoumia akikata mkonge. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo nilisoma ukurasa kimoyomoyo kisha nikamweleza kwa Kiswahili, naye akiendelea kukanyaga cherehani.

Vitabu nilivitoa maktaba ya shule, vya zamani, vya Ulaya. Karibu vyote vilikuwa na bwana mwenye jumba na msichana asiye na kitu. Mimi nilingoja wapendane. Shangazi alikuwa na maswali.

"Huyo bwana anafanya kazi gani?"

"Hafanyi kazi. Ana mashamba."

"Nani anayalima?"

Nikapekua kurasa. Kitabu hakikusema.

"Na mamake bwana akimkataa huyo binti, bwana atasema nini?"

"Sijafika huko, shangazi."

"Basi soma upesi."

Haraka yake nilikuja kuielewa. Kulikuwa na karani mmoja wa serikali, kijana wa milimani, aliyeleta suruali zipunguzwe hata zile zilizomkaa sawasawa. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na nyumba yao ilikuwa ya mawe. Walipendana. Hilo nililiona bila kufundishwa na kitabu.

Jumapili moja akampeleka kwao. Shangazi alivaa gauni la buluu aliloshona mwenyewe. Alirudi kabla jua halijatua, akavua viatu, akakaa jikoni na mama yangu. Nilijibanza mlangoni nisikie.

"Mamake alinipokea vizuri," alisema. "Chai, mkate, siagi. Kisha akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Kaloleni. Akasema hapana, kwenu hasa, shamba lenu liko wapi? Nikamwambia baba alikuwa mkata mkonge, shamba hatuna. Basi akaanza kulisifu gauni langu. Alilisifu mpaka nikaondoka."

"Na kijana?" mama akauliza.

"Alikuwa akikoroga chai."

Karani alikuja wiki hiyohiyo, akasema mama yake ni mtu mzima, tumpe muda.

"Nikikungoja," shangazi akamuuliza, "utamwambia nini ambacho Jumapili hukumwambia?"

Shangazi akamkabidhi suruali yake ya mwisho, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri.

Kwa muda wa mwezi hivi hakutaka hadithi. Kisha siku moja, sindano ikiwa mdomoni, akauliza, "Yule binti wa kitabu, ikawaje?"

"Iligunduliwa kwamba babake wa kweli alikuwa tajiri. Ndipo wakaoana."

Shangazi alicheka mpaka akaitoa sindano asije akaimeza. "Kumbe hata huko! Mwandishi mwenyewe kashindwa kumwoza akiwa maskini!"

Sikuwa nimewazia hivyo. Nikarudi maktaba nikaanza kuvisoma upya vile nilivyovimaliza, nikitafuta hata kimoja ambamo msichana aliolewa bila urithi kumwangukia. Nilipata vichache mno, na katika viwili kati ya hivyo alikufa.

Miaka michache baadaye shangazi aliolewa na mjane mmoja wa Mboghoni, mkulima wa ndizi. Nilikwenda kumtembelea nikiwa chuo cha ualimu. Mchana mnunuzi alikuja na lori, akataka shamba zima livunwe kesho yake. Mume wa shangazi akamwambia, "Ngoja kwanza nimuulize mwenzangu." Akavuka mfereji kuja tulipokuwa tukichambua maharagwe, akamuuliza. Shangazi akasema wiki ijayo. Naye akarudi kusema wiki ijayo.

"Shangazi," nilimuuliza tulipobaki wawili, "unampenda?"

Alifikiri, akitupa punje moja mbovu.

"Neno hilo alilomwambia mtu wa lori, kwamba amuulize mwenzake kwanza," alisema, "nililisikia mara ya kwanza wiki ile niliyofika hapa. Nilikuwa na ndoo ya maji kichwani. Niliitua chini, nikasimama tu."