Fundi wa Taya Langu

Jirani yangu hapa mjini Vratsa ni fundi wa meno, na hucheka kwa pua tu, maana mdomoni huwa ameuma penseli. Vidole vyake vina unga wa jasi hata Jumapili. Ndiye aliyenitengenezea kifaa ninachovaa mdomoni nikilala, kinachovuta taya la chini mbele ili pumzi isizibe kooni. Kila wiki mbili hukikaza skrubu kidogo, hukipuliza kama anayepoza supu, kisha huuliza kama anavyowauliza wote: “Mwenzako anasemaje? Bado unakoroma?”

Jana aliniuliza hivyo kwa mazoea, halafu akakumbuka tangazo la msiba wa mke wangu Zdravka, ambalo bado limebandikwa mlangoni kwangu, kama ilivyo desturi hapa. Zdravka ndiye aliyekuwa akinipiga kiwiko pumzi ikikatika. Fundi akatoa penseli mdomoni. “Mzee wangu, kitanda chako kiko upande gani?” “Dirishani.” “Kisogeze kwenye ukuta tunaopakana. Ule si ukuta, ni karatasi. Miaka tisa umeninyima usingizi, leo nitashindwa kukusikia? Ukinyamaza tu, nagonga.” Nikamwambia kitanda ni kizito. Akavua aproni, akafunga karakana yake ya ghorofa ya chini saa nne asubuhi, akatangulia kupanda ngazi kwenda kwangu.