Mdakaji wa Kwenye Mwanya

Kwa misimu miwili nilieleza jambo moja kwa watu walewale, na hadi leo sina hakika kama walinielewa. Nitalieleza tena hapa, taratibu, kwa sababu hapa hakuna anayenikatiza kwa filimbi.

Mpira wa Kimarekani wanaocheza wanafunzi wa vyuo hapa Guangzhou ni mchezo wa watu wachache. Uwanja tunaukodi, mistari ya yadi tunaichora wenyewe kwa chokaa, na nusu ya wachezaji hawakuwahi kuushika ule mpira wenye ncha mbili kabla ya kufika chuoni. Mimi si mwanafunzi. Nina ofisi ya kusafirisha mizigo mtaa wa Xiaobei, na zamani nilisoma katika chuo kidogo huko Marekani, nikacheza miaka mitatu nikiwa mfupi kuliko wenzangu wote. Mwalimu wa michezo wa chuo kimoja cha hapa, Mchina, alipopata habari hizo, akaniomba niwafundishe wadakaji wake kila Jumamosi mchana. Nikakubali kabla hajamaliza kuomba.

Mchezo wenyewe hauna siri. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikifaulu inaanza kuhesabu upya, ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Mrushaji husimama nyuma ya ukuta wa watu watano wanene. Mbali kabisa, karibu na mstari wa pembeni, yupo mdakaji mrefu mwenye mbio, yule ambaye watazamaji humpiga picha. Kati yake na ule ukuta kuna mwanya, na katika mwanya huo husimama mdakaji mwingine. Huyo ndiye ninayemzungumzia. Haendi mbali. Anakwenda hatua tano au sita, katikati ya watu wanaotaka kumvunja mbavu, anageuka, anadaka, anaangushwa. Amepata yadi tano, na hakuna anayemshangilia.

Nenda soko la Zhanxi uangalie maduka ya viatu. Mbele wamepanga viatu vinavyong'aa, soli zenye taa, rangi ya dhahabu. Wateja wanasimama hapo. Lakini muulize mwenye duka nini kinamlipia pango, atakuonyesha maboksi ya nyuma: viatu vyeusi vya shule, vya kamba, vya aina moja mwaka hadi mwaka. Mdakaji wa kwenye mwanya ni kiatu cheusi cha shule. Jaribio la tatu, zimebaki yadi nne, mrushaji anakaribia kukanyagwa, basi mtu wa kumtafuta ni huyo. Ukiwa naye wa kuaminika, timu inapumua. Ukimkosa, kila jaribio la tatu ni bahati nasibu.

Tulikuwa naye. Alikuwa Mpemba anayesomea ufamasia, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, mwaka wake wa mwisho. Mabega membamba, mikono ya kunasa. Kila akinikuta uwanjani alivua kofia ngumu kwanza ndipo akasema, "Shikamoo, ami." Katika mazoezi ya msimu mzima sikumwona akiangusha mpira uliomfikia vizuri.

Tatizo lilikuwa hilo neno "vizuri". Mrushaji wetu alikuwa Mkenya, mkubwa kwake kwa miaka minne, mwenye mkono wa nguvu na mdomo wa nguvu zaidi. Alipenda kurusha mbali. Mipira mifupi aliirusha kwa kujilazimisha, ikatua miguuni mwa Mpemba au nyuma ya kisogo chake. Na kila ulipotua vibaya, Mpemba aliinua mkono, akaugusa kifua na kusema kwa sauti, "Samahani, kaka. Kosa langu."

Mswahili yeyote angeelewa. Mdogo hambishii mkubwa mbele za watu. Anajishushia lawama, mambo yanaisha, watu wanaendelea. Tena huyo Mkenya ndiye aliyempokea alipofika mjini, akampeleka polisi kuandikisha makazi, akampa na blanketi. Ilikuwa adabu tupu. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa nampongeza kwa adabu hiyo.

Siku moja, wiki tatu kabla ya mechi ya mwisho ya msimu, nilikaa karibu na mwalimu mazoezini nikachungulia daftari lake. Mbele ya jina la Mpemba kulikuwa na mistari midogo, safu baada ya safu. Nikamuuliza ni ya nini.

"Makosa," akasema. "Kila anapokosea anakiri mwenyewe. Kijana mkweli sana. Lakini anakosea mno. Mechi ya mwisho nitamweka mwingine."

Nilisikia damu inanipanda kichwani. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haki, ndiyo maana aliandika. Aliona mkono umeinuliwa, akachora mstari. Nikajaribu kumweleza. Lakini Kichina changu ni cha bei, maboksi na makontena. Naweza kugombana na mtu wa ghala hadi apunguze bei, ila sina maneno ya kueleza kwamba kijana anayekiri kosa hajakosea.

Nikamwalika chakula, nikapanga vikombe vya chai mezani. Hiki ukuta, hiki mrushaji, hiki mtu wa mwanya. Nikachukua karanga kuwa mpira, nikaionyesha inavyotua nyuma ya kikombe.

"Kikombe kina kosa gani?" nikauliza.

Akafikiri sana. "Kiko mbali na karanga."

"Karanga ndiyo iliyopotea!"

"Laoban," akasema, maana hivyo ndivyo anavyoniita, kama wachuuzi wanavyomwita kila mwenye duka, "mwenyewe amesema ni kosa lake. Wewe hukuwa mahali pake." Akaila karanga.

Nikamwendea Mpemba. Nilimkuta asubuhi katika soko la nguo la Shahe, akiwatafsiria akina mama wa Dar waliokuja kununua madera, sauti yake chini kama kawaida, mwenye duka akimsikiliza yeye kuliko wote. Nikamvuta kando ya mikokoteni ya mizigo.

"Mwanangu, mwambie mwalimu ukweli. Ile mipira haikuwa yako."

"Siwezi, ami."

"Kwa nini? Kichina unakijua kuliko sisi sote."

"Nikamtie kaka aibu mbele ya mwalimu wake? Ami, wewe ungefanya?"

"Ningefanya."

Akanitazama kwa huruma. "Hungefanya."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Basi unataka kuicheza hii mechi au hutaki?"

Hapo uso ukambadilika. "Naitaka, ami. Nikirudi nyumbani, mchezo huu nitaucheza na nani? Na mbuzi?"

Nikabaki na mtu mmoja. Mkenya nilimpata Jumamosi iliyofuata, kabla wenzake hawajafika, akifunga bendeji mkononi.

"Buda, ukweli ni huu," akasema, "yule msee ni mfupi. Nikisimama nyuma ya hawa majamaa, simwoni. Naona tu migongo. Nimrushie nani, malaika?"

"Huhitaji kumwona."

"Ati?"

"Kwako nyumbani, ukiamka umeme umekatika, unaona mlango wa choo?"

"Sioni."

"Unafika?"

Akacheka. "Nafika."

"Kwa sababu mlango hauhami. Na yeye hahami. Hesabu moja, mbili, tatu, kisha rusha nyuma ya bega la yule beki wa kati wa wapinzani. Atakuwepo. Asipokuwepo, nitakubeba mgongoni hadi kituo cha metro."

"Na hizo kilo zangu? Utakufa, mzae."

Tukajaribu. Mipira mitatu ya mwanzo ilikwenda ovyo, na Mpemba akainua mkono mara tatu, nami nikamfokea aushushe. Wa nne ukaingia kifuani mwake. Wa tano pia. Baada ya hapo Mkenya alikuwa akirusha huku akiangalia pengine, anahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea, na kila akigeuka anakuta mpira umeshadakwa. "Huyu si mtu, ni droo ya kabati!" akapiga kelele. Wiki mbili tulifanya hivyo. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa uwanja na wale wanene, akiwafundisha kusukumana.

Nikamwomba Mkenya jambo moja tu: kabla ya mechi, amwambie mwalimu kwamba ile mistari ya daftarini ni yake. Akasema, "Mei wenti, hakuna shida, nitamwambia."

Siku ya mechi mwalimu akasoma majina. Kwenye mwanya akamtaja kijana mwingine, mrefu, mwepesi, bingwa wa mita mia mbili. Nikamtazama Mkenya. Mkenya akatazama viatu vyake. Mpemba akaenda kukaa benchi, akaweka kofia ngumu kwenye magoti, akaanza kuwagawia wenzake maji kana kwamba ndiyo kazi aliyokuja kufanya. Nilitaka kuwapiga makofi wote watatu.

Mchezo wenyewe ulikuwa mgumu. Hadi robo ya mwisho wapinzani walikuwa mbele kwa pointi nne. Tukapata mpira, tukasogea kidogo kidogo mpaka katikati. Jaribio la tatu, yadi nne. Nikasimama. Mkenya akapokea mpira, ukuta ukaanza kubomoka, midomo yake ikawa inahesabu. Alipofika tatu akarusha, chini, kwa nguvu, nyuma ya bega la beki wa kati. Ulikuwa mpira mzuri kuliko yote aliyorusha mwaka huo.

Hapakuwa na mtu. Bingwa wa mita mia mbili alikwishapita hapo zamani, yuko mbali anapunga mikono aonwe. Beki wa wapinzani akageuka, akaukuta mpira umemjia tumboni, akaukumbatia.

Mwalimu alitupa kofia yake chini. "Ulimrushia nani?" akamuuliza Mkenya alipotoka. "Pale hapakuwa na mtu!"

Mkenya alikuwa akihema. Akanyoosha kidole kwenye benchi. "Nilimrushia huyu," akasema kwa Kichina, mbele ya timu nzima. "Na yale makosa yake yote, mwalimu, ni yangu. Yeye anasema ni yake kwa sababu mimi ni kaka yake."

Mwalimu alimtazama, akamtazama Mpemba mwenye chupa za maji mkononi, halafu akafungua daftari, kwa kweli alilifungua, akalisoma kama analiona mara ya kwanza. Kisha akamwashiria Mpemba avae kofia.

Tulipoupata tena mpira zilibaki dakika mbili na kitu. Moja, mbili, tatu: yadi sita. Moja, mbili, tatu: yadi tano. Alidaka mara saba mfululizo, akaangushwa mara saba, akainuka mara saba. Wapinzani walijua mpira unakwenda kwake na hawakuweza kuuzuia. Saa ilituishia tukiwa yadi kumi na mbili kabla ya mstari wa mwisho. Tukashindwa kwa zile pointi nne. Dakika tano tu za ziada zingetosha, na tulikuwa tumekaa nazo benchini mchana kutwa.

Watu walikuwa wakivua pedi za mabega mwalimu aliponijia, jasho likimtoka, akanishika bega kwa uchungu wa kweli.

"Laoban, wewe unaujua mchezo huu. Kwa nini hukuniambia mapema?"

Nikafungua mdomo. Nikaanza kukusanya Kichina changu cha maboksi.

"Alikwambia, mwalimu." Mpemba alikuwa amesimama nyuma yangu, matope hadi shingoni. Kichina chake kilikuwa safi, na sauti yake ilikuwa juu kiasi kwamba watu waligeuka. "Alikwambia mara nyingi. Hukumsikiliza. Si haki kumuuliza hivyo."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Mkenya akapiga mluzi. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi, nimechoka kama niliyecheza mwenyewe. Maneno matatu kama hayo, kwa sauti hiyo, wiki tatu nyuma, yangetosha. Alikuwa nayo siku zote. Ila kwa ajili yake mwenyewe asingeyatoa kamwe, na alikuwa amebakiza mwezi mmoja kurudi Pemba.